Kesi ya Mwalimu wa Fujo

Katika mji wa Lindvik, kaskazini mwa Minnesota, hapakuwa na mtu aliyezijua fujo kumshinda Orrin Haugen, wala aliyeziona kidogo kuliko yeye. Alikuwa polisi wa mji huo tangu ujana mpaka nywele zilipomwisha kichwani, akastaafu na cheo cha sajini, kisha chuo cha ufundi kilicho kwenye barabara ya ziwani kikamwajiri kuwafundisha makuruta somo la makosa dhidi ya utulivu wa umma. Chuo hicho kilifundisha pia ususi na ukarabati wa injini za boti, kwa hiyo siku nyingine makuruta walikariri sheria ya mikusanyiko haramu huku mashine za kukaushia nywele zikinguruma upande wa pili wa ukuta.

Orrin alilipenda somo lake kuliko alivyoipenda pensheni yake. Kosa alilichambua kama mtu anayetoa miba kwenye samaki, taratibu, mmojammoja, bila kuichanachana minofu. Nani alikuwa wapi, na je, pale palikuwa hadharani? Alifanya nini hasa, si alionekana mtu wa namna gani? Alijua, au alipaswa kujua, kwamba jambo lile litawavuruga wenzake? Na hao wenzake, walivurugika kweli, au ni wewe askari uliyevurugika kwa niaba yao? Kipengele kimoja kikikosekana, aliwaambia, hapo hakuna kosa. Kuna tabia mbaya tu, na tabia mbaya nchi hii tumewaachia mama wazazi. Polisi mwenyewe alimtoa kabisa kwenye hesabu.

"Mtu akikutukana wewe," alikuwa akisema, "chukulia ametukana mlingoti wa taa. Mlingoti hauendi mahakamani."

Taabu ilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Watu wa Lindvik ni watu ambao ukiwagonga gari kwa nyuma watashuka kukuomba radhi kwa kuwa mbele yako. Fujo watazitoa wapi? Orrin mwenyewe hakuwahi kupaza sauti. Alipotaka makuruta wasikie makelele ya umati, aliwawekea kaseti aliyorekodi kwenye mechi ya mpira wa kikapu ya shule ya sekondari. Mwaka mmoja akaamua kutafuta umati wa watu halisi. Akamwomba mkewe, Ardis, ambaye alikuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa la Kilutheri, amletee waandamanaji.

Wakaja wamejifunga mitandio, na kahawa kwenye chupa za moto. Aliyepewa kazi ya kutukana alikuwa mjane mmoja mpole, Lavonne Bakke, aliyepiga kinanda kanisani. Orrin alimpa bango na kumwelekeza amkabili kuruta aliyesimama mbele, amwambie neno lolote baya linalomjia. Lavonne alifikiri kwa muda mrefu, theluji ikimtua mabegani.

"Mwanangu," akasema, "samahani sana, lakini wewe si mtu mwema kama unavyodhani." Halafu akamuuliza kama masikio yake hayaoni baridi.

Zamu ya kutawanya umati ilimwangukia Renae Kallio, binti wa mkata mbao, kuruta hodari kuliko wote wa mwaka ule. Alivuta pumzi, akatangaza kwamba mkusanyiko ule ni haramu. Hakuwa amemaliza sentensi, kina mama walikwishafika nusu ya njia ya kwenda kwenye magari yao. Ilibidi Orrin awakimbilie.

"Rudini, kina mama. Hamjakaidi bado. Bila kukaidi hakuna kosa."

"Tukaidi mpaka lini?" Ardis akamuuliza.

"Mpaka awaambie mara ya pili."

"Kwa baridi hii? Orrin, kama unataka kutukamata, tukamate tuende zetu ndani."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mwalimu wa fujo. Akasahihisha mitihani, akala chakula chake cha mchana peke yake chini ya picha ya mwanzilishi wa chuo, na kila mwaka akatoa makuruta ambao wangeweza kukutajia vipengele vya ghasia hata wakiwa usingizini, kisha wakaenda kuandika faini za maegesho.

Balaa lilikuja na Meya. Duane Sletten aliuza matrekta na mashine za kusukuma theluji, na umeya aliushika kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi kwenye foleni, bila raha na bila kuuachia. Kiangazi kimoja alikwenda kwenye mkutano wa mameya huko kusini, akarudi na kitabu cha picha za rangi. Jeshi lilikuwa linagawa vifaa vyake vya zamani kwa miji iliyovitaka. Lindvik ingeweza kupata ngao, kofia za chuma na gari la deraya lenye magurudumu marefu kuliko Duane mwenyewe. Aliyemuuliza ni la kupambana na nani, alijibiwa kwamba siku hizi mambo hayatabiriki, na kwamba televisheni imeonyesha miji mingine. Gari lilikuwa la bure, ila kulitunza si bure. Ndipo Baraza la mji, lililokuwa linachangia mafunzo ya polisi pale chuoni, likapendekeza somo la Orrin lifutwe. Mahali pake pangekuwa na mafunzo ya siku mbili ya kusimama na ngao, yatakayotolewa na kampuni moja ya huko mji mkuu. Katika kitabu cha kampuni hiyo sheria ilichukua nusu ukurasa, na nusu yenyewe ilikuwa picha.

Orrin alisikia habari hizo kwa kinyozi, nywele zake chache zilizosalia zikiwa zimekwisha kukatwa. Alikwenda nyumbani, akapiga pasi shati lake jeupe, na jioni ya mkutano wa Baraza akajiandikisha kuzungumza.

Walikuwepo wakazi wachache kama kawaida. Lavonne Bakke alikuja kwa sababu ya mfereji ulioziba mbele ya nyumba yake, akakaa karibu na meza ya kahawa. Mlangoni alisimama Renae Kallio, sasa askari kamili, kwa maana kanuni ilitaka askari awepo ingawa hakuna aliyekumbuka ni kwa nini. Juu ya meza ya mbele Duane alikuwa ameweka ngao moja ya mfano aliyopewa na ile kampuni, ng'aavu, ili watu waizoee.

Kila mwananchi alipewa dakika tatu, zikipimwa kwa saa ya kuchemshia mayai. Orrin alianza kwa upole wake wote. Aliwaeleza kwamba askari asiyejua vipengele vya kosa humkamata mtu kwa sura yake, na kwamba ngao haimfundishi askari kitu isipokuwa kujificha. Akaeleza maana ya hadharani. Akaingia kwenye tendo. Alipokuwa anakohoa ili aanze kipengele cha tatu, saa ya mayai ikalia.

Duane akamshukuru sana, akasema Baraza limefaidika.

"Bado sijafika kwenye nia," Orrin akasema.

"Nia yako tunaijua, Orrin," Duane akajibu kwa tabasamu. "Nia yako ni njema."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Na hapo, kitu kilichokuwa kimekaa ndani ya Orrin Haugen kwa miaka yake yote, kikikunjwa na kupigwa pasi kila asubuhi, kikakunjuka. Alipiga kelele. Alimwita Duane muuza matrekta asiyejua tofauti ya ghasia na gwaride. Aliliambia Baraza kwamba limeagiza kofia za chuma kwa ajili ya vichwa visivyo na kitu cha kulinda. Aliwaita wapumbavu, wote kwa pamoja na kisha mmojammoja, kwa majina, akianzia kushoto. Halafu akaishika ile ngao kwa mikono miwili, akaibamiza sakafuni. Ililia kama bunduki. Ikapasuka pembeni.

Mahali fulani kahawa ilikuwa inadondoka kutoka mezani. Duane, uso umemwiva, alimwagiza Renae amtoe.

Renae alikuja polepole kama mtu anayetembea juu ya barafu mpya.

"Sajini," akasema kwa sauti ya chini, "naomba twende nje."

"Hiyo ni amri au ombi?"

"Ni ombi kwanza."

"Vizuri. Ndivyo nilivyokufundisha. Sasa toa amri."

"Mwalimu, jamani, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Toa amri, Renae."

"Nakuamuru utoke kwenye mkutano huu."

"Nakataa," alisema Orrin, na kwa mara ya kwanza jioni ile alionekana mtu mwenye raha. Akampa mikono yake mwenyewe. Pingu zilipobana alimkumbusha kuzikaza kwa ufunguo zisije zikamuumiza mshtakiwa, na kwamba mlango wa gari ukifunguliwa akikinge kichwa cha mshtakiwa kwa kiganja. Renae alifanya yote hayo huku machozi yakimlengalenga.

Ardis alikwenda kumchukua kituoni na kofia yake ya manyoya, kwa sababu aliondoka bila kofia. Waliendesha mpaka darajani.

"Ulipiga kelele?" akauliza.

"Nilipiga."

"Kubwa?"

"Kubwa sana."

Ardis akabadili gia. "Walionipigia simu wamesema uliongea kwa msisitizo."

Neno hilo lilimchoma Orrin kuliko pingu.

Alishtakiwa kwa kuvuruga mkutano halali wa hadhara. Hakuna aliyelitaka shauri hilo, Duane akiwa wa kwanza kutolitaka, lakini alikuwa amekwisha kutia sahihi na aliona aibu kuirudisha kalamu nyuma. Mwendesha mashtaka, kijana aliyetoka chuo cha sheria majuzi tu, alimwendea Orrin nyumbani kumwambia mambo yangeweza kwisha kwa barua fupi ya kuomba radhi. Orrin alimkaribisha kahawa na kukataa. Alikana kosa, si kwa kuwa hakulitenda, bali kwa sababu upande wa mashtaka una wajibu wa kulithibitisha, na hakutaka kuwanyima nafasi ya kufanya hivyo. Aliwaalika makuruta wake wa mwisho waje na madaftari. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Lindvik, aliwaambia, wataona kosa dhidi ya utulivu wa umma likijengwa mbele ya macho yao, tofali juu ya tofali.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja kutoka makao makuu ya wilaya, mwenye mafua. Renae alikuwa shahidi wa kwanza. Alisimama wima, akaeleza mahali, tendo, ombi, amri na ukaidi, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Orrin alisikiliza kizimbani akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakuwa na swali.

Kikaja kipengele cha mwisho, kwamba mkutano ulivurugika kweli. Mwendesha mashtaka akamwita Meya.

"Bwana Meya, mshtakiwa alipokuita mpumbavu, ulikasirika?"

Duane aliitafakari dari. "Kukasirika ni neno zito," akasema. "Niseme nilishangaa. Kidogo."

"Lakini mkutano ulisimama?"

"Tulikuwa tunakaribia mapumziko hata hivyo."

Kijana akaanza kutokwa jasho. Akamwita karani wa Baraza, ambaye alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ngao. Karani alisema alisikia mlio, ndiyo, ila yeye alidhani ngao imejiangukia. Wajumbe wengine wakapanda mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema alikuwa anafuta miwani. Mwingine alisema katika familia yao watu huongea kwa sauti, jambo ambalo kila aliyemo ukumbini alijua si kweli, maana familia yao haikujulikana hata kama inaongea. Mwisho akaitwa Lavonne Bakke.

"Mama Bakke, wewe ulikuwa karibu. Ulishtuka?"

Lavonne alivitazama vidole vyake. "Haikuwa mbaya kiasi hicho," akasema. "Orrin ni mtu mzuri."

"Kahawa yako ilimwagika, au sivyo?"

"Kikombe kilikuwa kimejaa mno. Nilijimiminia mwenyewe."

Orrin alikuwa anajitetea bila wakili, na sasa ilikuwa haki yake kuwahoji mashahidi. Mtu mwingine angeshukuru na kukaa kimya. Yeye aliomba Meya arudishwe. Makuruta waliacha kuandika.

"Duane," akasema, "nilikutukana mbele ya watu waliokupigia kura. Hukuudhika hata kidogo?"

"Nilijua una siku mbaya, Orrin."

"Nilipasua mali ya umma."

"Ilikuwa na dhamana. Wametuletea nyingine."

"Niliibamiza kwa nguvu zangu zote!"

"Bwana Haugen," hakimu akaingilia, leso puani, "unakumbuka kwamba mshtakiwa ni wewe?"

"Nakumbuka, mheshimiwa."

"Basi keti, kabla hujajitia hatiani bila msaada wa serikali."

Orrin akaketi. Hakimu hakuhitaji muda. Alisema mahali palithibitishwa, na maneno, na amri, na ukaidi, lakini shahidi hata mmoja hakusema kwamba mkutano ule ulivurugwa, na mahakama haiwezi kuvurugika kwa niaba yao. Mshtakiwa alikuwa huru. Watu wakapanga mstari kumpa mkono. Duane alimpigapiga begani, akamwambia yamekwisha, na kwamba ule upande wa mtaro kule ziwani mwaka huu una samaki wakubwa. Orrin alipokea pongezi zile kama mtu anayepewa pole. Mara moja tu katika maisha yake alikuwa amevunja amani, na mji mzima umeapa kwa Biblia kwamba amani haikusikia.

Renae alimfuata hadi kwenye maegesho.

"Nilikosea wapi, mwalimu?"

"Ulipaswa kuwauliza palepale, kabla hawajapoa."

"Niliwauliza palepale. Walisema hivyohivyo."



Wiki zile alikuwa hatulii. Alikata kuni zilizokwisha kukatwa. Ardis aliponuna kwa jambo dogo, alimuuliza kwa hamu kama amemkasirisha, naye akamjibu kwamba hapana, ila atoke jikoni. Alasiri moja, Ardis akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Lavonne Bakke, ameshika bakuli la oveni lenye tambi na nyama ya kusaga, limefunikwa taulo.

Alikubali kuingia, akakataa kuvua koti, kisha akalivua. Walizungumza habari za barafu ya ziwani na bei ya gesi. Kahawa ilipokwisha kumiminwa, aliiacha ipoe.

"Nilikuona mahakamani," akasema. "Ulikuwa na huzuni sana, nikakuonea huruma. Nimekuja kukwambia uliniogopesha. Nadhani ulitaka kusikia."

Orrin, Mungu amsamehe, kwanza alifurahi. Alisogeza kiti. Alikuwa karibu kumuuliza kwa kiwango gani.

"Ule mlio," Lavonne akaendelea, akizungumza na kikombe. "Verlyn alikuwa na tabia ya kupiga meza. Kwa ubao wa kukatia mkate. Mlio wake ni uleule. Nilijikuta nimeshika meza kwa mikono yote miwili, na kahawa inanichuruzika mkononi, ya moto, wala siisikii. Nikarudi nyumbani nikawasha taa zote. Mpaka leo nalala na ya ukumbini inawaka. Mtu mzima mimi."

Verlyn Bakke, marehemu mumewe, alikuwa mzee wa kanisa. Mazishi yake yalijaza watu mpaka kwenye ngazi. Orrin alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Mbona hukusema mahakamani, Lavonne?"

"Nimwambie hakimu nimeshtuka? Angeuliza kwa nini." Akakunja ukingo wa taulo, akaukunjua. "Ulikuja kwetu mara moja, hukumbuki. Jirani alikuwa amepiga simu. Verlyn akafungua mlango akicheka, akakwambia redio ilikuwa juu. Mimi nilikuwa nyuma yake, pale kwenye ngazi."

Orrin alikumbuka. Alikumbuka vizuri mno, kwa sababu mfano huo alikuwa akiutoa darasani kila mwaka, bila majina. Kelele zimesikika, jirani analalamika, askari anafika, mwenye nyumba anajibu kwa adabu. Je, pana kosa dhidi ya utulivu wa umma? Hapana. Nyumbani si hadharani. Askari anaaga, anarudi kwenye gari. Makuruta walipenda mfano huo kwa kuwa jibu lake lilikuwa rahisi, na aliyelipata aliambiwa hongera.

"Niliangalia mlango tu," akasema. "Sikutazama ngazi."

"Hukuwa na sababu ya kutazama," Lavonne akamfariji. "Haikuwa mbaya kiasi hicho."

"Ilikuwa mbaya."

Lavonne akalinyoosha taulo juu ya bakuli.

"Lavonne. Si tuko wawili tu hapa."

Mama yule aliinua kichwa, akamtazama kama anayemwomba ruhusa, na ilimchukua muda kulitamka. "Ndiyo," akasema. "Ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya miaka mingi." Kisha akatoa leso, akaomba radhi kwa kuitoa, akasema bakuli watalirudisha wakati wowote, halina haraka.

Mkutano wa Baraza uliofuata, Orrin alijiandikisha tena. Renae, mlangoni, alibana midomo. Orrin alisema kwamba alikuwa amepiga kelele na kubamiza kitu katika ukumbi ule, kwamba jambo hilo liliogopesha watu ambao hakuwajali wakati huo, na kwamba anaomba radhi. Hakutaja jina la mtu. Dakika zake nyingi hazikutumika. Ukumbi uliona haya kuliko siku ya ngao. Wajumbe walitazama viatu vyao, na Duane, shingo nyekundu, akasema hakuna haja kabisa, kabisa, akahamia haraka kwenye suala la chumvi ya barabarani. Kelele walikuwa wamekwisha kuzisamehe kwa kukana kwamba zilitokea. Radhi hii mpya hawakujua waiweke wapi.

Labda kwa sababu hiyo, ili mambo yasiendelee kuwa makubwa, Baraza likapitisha vyote viwili. Ngao zilikuja, gari la deraya likaja, likakutwa ni pana kuliko mlango wa kituo cha polisi, likaegeshwa kwenye uwanja wa Duane kati ya matrekta mawili, na watu wa kutoka nje wakawa wanasimama kuuliza bei yake. Somo la sheria nalo likabaki, limepunguzwa siku, likiwa na mwalimu yuleyule.

Orrin hakuutoa tena ule mfano wake. Aliutoa mwingine, unaofanana nao, ila jibu lake halikuwa rahisi na makuruta hawakuupenda. Aliwaambia kwamba, ndiyo, nyumbani si hadharani, na kwa hiyo sheria hii imeishia kwenye kizingiti. Lakini ziko sheria nyingine ndani ya nyumba, na askari ana macho. Aliyefungua mlango akikuchekea, usiondoke kwa sababu amecheka. Tazama aliye nyuma yake. Mwite kwa jina lake, mwombe atoke nje kidogo, muulize akiwa peke yake. Akisema haikuwa mbaya kiasi hicho, muulize tena.

Kuruta mmoja wa mstari wa mbele, kijana msafi mwenye kalamu za rangi tatu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hicho ni kipengele cha ngapi?"

"Hakimo kwenye sheria," Orrin akasema. "Kiandike."

Kijana akaziweka kando kalamu zake, akaandika kwa penseli, ambayo hufutika, maana hakuwa na hakika kama kitatoka kwenye mtihani.